“Nawaambia mimi, wala si Bwana”: je, hapo Paulo anatoa maoni yake tu?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Niliokoka nikiwa tayari nimeolewa. Mume wangu si Mkristo, lakini hanipigi, hanizuii kwenda kusali, na watoto anawatunza vizuri. Viongozi wa kikundi chetu cha maombi wananishauri nimwache, wanasema nuru haikai na giza. Nilipowasomea 1 Wakorintho 7:13, mmoja wao akanijibu kwamba mstari huo haunifungi, kwa sababu Paulo mwenyewe anasema ni yeye anayenena, “wala si Bwana”, kwa hiyo hayo ni mawazo ya mtu. Sikuwa na la kujibu. Je, sehemu hiyo ni Neno la Mungu au siyo? Na kama Paulo aliandika maoni yake, tunawezaje kuiita Biblia yote Neno la Mungu? Tena wanasema wanangu si safi.

Jibu: Amina, dada yangu, asifiwe milele. Nianze na jibu lenyewe ili usiendelee kusoma ukiwa na hofu. Mstari wa 13 ni Neno la Mungu sawasawa na mstari wa 10. Unakufunga wewe, na viongozi wako unawafunga vilevile. Aliyekwambia ni mawazo ya mtu ameshika nusu ya sentensi. Simvunjii heshima, maana hoja hiyo nimeisikia hata kwa wahubiri wenye elimu yao, lakini hapa inataka kubomoa nyumba yenye amani, kwa hiyo lazima tuifuate mpaka kwenye mzizi wake.

Tuanzie Korintho. Paulo alikaa katika mji huo mwaka mmoja na miezi sita, kama Matendo 18 inavyoeleza, na ni huko alikoshtakiwa mbele ya liwali Galio. Maandishi ya kwenye jiwe yaliyopatikana Delphi, Ugiriki, yanamtaja Galio huyo, na kwa msaada wake twajua alikuwa liwali wa Akaya kati ya mwaka 51 na 52 hivi. Miaka michache baadaye, yapata mwaka 54 au 55, Paulo alikuwa Efeso, na Wakorintho wakamwandikia barua yenye maswali. Sura ya 7 inafungua kwa kuyataja hayo waliyomwandikia. Kwa hiyo unachokisoma pale ni mtu anayejibu maswali ya watu wa ndoa, mmoja baada ya mwingine: waliooana, waseja, wajane, wanawali, na wale ambao Injili iliwakuta wamekwisha kuoana, mmoja akaamini na mwenzake akabaki alivyokuwa. Swali lako limeulizwa karibu miaka 2000 kabla yako, na wenzako wa Korintho.

Sasa sikiliza anavyowapanga. Kwa wanandoa ambao wote wawili ni waumini anasema: “Nawaagiza, wala hapo si mimi, ila Bwana, mke asiachane na mumewe.” Kisha kwa wale wa ndoa kama yako: “Lakini watu wengine nawaambia mimi, wala si Bwana.” Hapo “Bwana” ni Yesu, alivyofundisha kwa kinywa chake alipokuwa duniani. Juu ya kuachana Yesu alisema wazi, na maneno yake tunayo katika Mathayo 5 na 19, Marko 10 na Luka 16. Paulo anayajua, anayakumbusha, na anasema hayo si yangu, yalikwisha kusemwa. Lakini Yesu alihubiri Galilaya na Uyahudi, kwa Wayahudi waliooana na Wayahudi. Ndoa ambayo mke amempokea Kristo na mume bado, haikuletwa mbele yake, wala hatuna neno lake juu yake. Paulo anafika hapo, anaona hana usemi wa Yesu wa kunukuu, na anawaambia hivyo waziwazi: hapa sinukuu, hapa ninaagiza mimi.

Simama kidogo hapo, maana naona watu wengi wanapita mbio juu ya jambo lenye thamani kubwa. Fikiria jinsi ingekuwa rahisi kwa Paulo kusema, “Bwana alisema.” Nani angempinga? Korintho iko mbali na Yerusalemu, na kwa hesabu ya wataalamu wengi hakuna hata moja kati ya Injili zetu nne iliyokuwa imeandikwa wakati huo. Kanisa lina mgogoro, watu wanataka neno zito, na neno moja lililotiwa kinywani mwa Yesu lingemaliza ubishi siku hiyohiyo. Hakulitia. Alichora mstari kati ya alichokisema Yesu na anachokisema yeye, akawaonyesha wasomaji wake mahali mstari ule ulipopita. Mtu akikwambia kwamba Wakristo wa kwanza walikuwa wakijitungia maneno na kumbandikia Yesu, mfungulie sura hii. Uaminifu wa namna hiyo ndio unaonipa mimi ujasiri wa kumwamini Paulo pale anaposema “Bwana alisema”, kwa mfano habari za meza ya Bwana katika sura ya 11. Mstari ambao viongozi wako wanautumia kuipunguzia barua hii uzito ndio unaothibitisha kwamba mwandishi wake hakuwa mtu wa kughushi.

Lakini je, “mimi” wa Paulo ana mamlaka gani? Yeye mwenyewe alijieleza kwa kanisa hilohilo katika 2 Wakorintho 5:20, kwamba mitume ni wajumbe kwa ajili ya Kristo, “kana kwamba Mungu anasihi kwa vinywa vyetu”. Mjumbe wa serikali huja mara nyingine na barua ya mkuu wake mkononi akaisoma neno kwa neno. Mara nyingine anaulizwa jambo lisilo katika barua, naye hujibu kwa mamlaka aliyotumwa nayo, na jibu lake linaishika serikali iliyomtuma. Mstari wa 10 ni barua inayosomwa, wa 12 na 13 ni mjumbe anayejibu. Na ili asibaki mtu wa kuitenga barua hii vipande viwili, cha Mungu na cha Paulo, nenda sura ya 14 mstari wa 37: “Mtu akijiona kuwa ni nabii au mtu wa rohoni, na ayatambue hayo ninayowaandikia, ya kwamba ni maagizo ya Bwana.” Mtu yuleyule, barua ileile. Mstari huo waonyeshe viongozi wako, kwa upole.

Kuna kitu kingine kinachowachanganya watu, nacho kimetoka kiwandani. Baadhi ya Biblia huchapisha maneno ya Yesu kwa wino mwekundu. Mtindo huo ulianzishwa na Louis Klopsch, mhariri wa gazeti la Kikristo mjini New York, aliyetoa Agano Jipya la namna hiyo mwaka 1899. Nia yake ilikuwa njema, na mimi sina ugomvi na wino. Ila msomaji akiuzoea, bila kujua huanza kudhani kwamba wekundu ni Mungu na weusi ni wanadamu. Kanisa halijapata kuamini hivyo. Yesu mwenyewe hakuamini hivyo. Katika Mathayo 19 Mafarisayo wanamjaribu juu ya kuachana, naye anawajibu: “Hamkusoma ya kwamba yeye aliyewaumba mwanzo, aliwaumba mtu mume na mtu mke, akasema, Kwa sababu hiyo, mtu atamwacha babaye na mamaye.” Fungua sasa Mwanzo 2:24 utazame ni nani anayesema maneno hayo. Mungu hatajwi kuwa msemaji pale. Ni masimulizi, ni mwandishi anaeleza maana ya yaliyotokea. Lakini Yesu anasema Muumba ndiye aliyesema. Kwake yeye, neno la mwandishi wa Mwanzo na neno la Muumba si vitu viwili. Halikadhalika katika Marko 12:36 anasema Daudi alinena “kwa uweza wa Roho Mtakatifu”, na maneno anayoyataja ni ya zaburi, ya Daudi kabisa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali lako kubwa, kwamba mwanadamu akiweka maoni yake, utafiti wake na hisia zake, inakuwaje tuseme Mungu amesema. Nadhani sisi wa pwani na bara la Afrika Mashariki tunapata shida hapa kwa sababu tunaishi mtaa mmoja na Waislamu, tumesikia mihadhara ya kulinganisha dini viwanjani, na tumejifunza kuuliza maswali ya Biblia kwa kipimo cha imani ya jirani. Waislamu wanaamini kwamba Qur'ani ni maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyoteremshwa kwa Mtume Muhammad kupitia malaika Jibrili, naye akayafikisha bila kuongeza lake. Hiyo ndiyo imani yao, na wanaieleza wazi. Mkristo akiichukua Biblia akaitafutia uvuvio, yaani namna Mungu alivyonena kupitia waandishi, wa jinsi hiyo, kila salamu ya Paulo itamtia aibu. Imani yetu juu ya Maandiko ilikuwa nyingine tangu mwanzo, na hatuna sababu ya kuificha.

Sisi tunaamini kwamba Mungu alinena kwa kuwatumia watu wazima, wenye akili zao zikifanya kazi. Luka anamweleza Theofilo jinsi alivyopata habari zake: alijitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo. Alitafiti. Hakusema alitokewa. Waraka kwa Warumi ulishikwa kalamu na Tertio, ambaye hakuweza kujizuia kutia salamu zake mwenyewe katika sura ya 16. Yeremia alitamka, Baruku akaandika kwa wino, na mfalme Yehoyakimu alipokikata kitabu na kukitia motoni, Baruku akaandika tena, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Katika barua hiihii ya Korintho, sura ya kwanza, Paulo anasema hakumbatiza mtu wao ila Krispo na Gayo, halafu anakumbuka jamaa ya Stefana, halafu anakiri hajui kama alimbatiza mwingine. Kumbukumbu yake inamponyoka mbele ya macho yetu, naye anaandika ukweli kwamba imemponyoka. Mungu hakuona vibaya tukijua hilo.

Basi 2 Petro 1:21 inaposema “wanadamu walinena yaliyotoka kwa Mungu, wakiongozwa na Roho Mtakatifu”, soma sehemu zote mbili. Walinena wanadamu. Yalitoka kwa Mungu. Na Paulo anapomwandikia Timotheo kwamba kila andiko lenye pumzi ya Mungu “lafaa kwa mafundisho, na kwa kuwaonya watu makosa yao, na kwa kuwaongoza, na kwa kuwaadibisha katika haki”, anazungumzia andiko, yaani kilichoandikwa, kwa namna kilivyoandikwa. Pumzi ya Mungu haikungoja akili ya Luka ilale ndipo iingie. Ilifanya kazi ndani ya utafiti wake, ndani ya hasira ya Paulo kwa Wagalatia, ndani ya kilio cha Zaburi ya 88 ambayo haimalizi kwa shangwe yoyote. Na sisi tunaoungama kwamba Neno alifanyika mwili, akachoka njiani, akaketi kisimani akaomba maji, hatupaswi kushangaa kwamba Mungu huyohuyo aliridhika kunena kwa lugha na tabia za watu.

Katika hili Wakatoliki na Waprotestanti hawako mbali kama watu wanavyodhani. Mtaguso wa pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati juu ya ufunuo iliyotolewa Novemba 1965, ulifundisha kwamba waandishi watakatifu walikuwa watunzi wa kweli, waliotumia vipawa na nguvu zao, na kwamba waliandika yote aliyoyataka Mungu na hayo tu. Waprotestanti wa kiinjili walikutana Chicago mwaka 1978 wakatoa tamko kali la kutetea kutokosea kwa Biblia, na ndani yake walikataa kabisa wazo kwamba Mungu alizifuta haiba za waandishi. Wanatofautiana katika mengi, hasa ni nani mwenye kauli ya mwisho katika kufasiri, lakini hakuna kati yao anayefundisha kwamba Paulo akisema “mimi” basi Mungu ameondoka.

Na barua hii hasa imeheshimiwa mapema mno. Karibu mwaka 96 kanisa la Korintho liligombana tena, na kanisa la Roma likawaandikia waraka tunaouita wa Klementi. Unawaambia wauchukue waraka wa Paulo mtume, na unasema aliwaandikia kwa Roho. Ni watu walewale wa Korintho, miaka kama 40 imepita, barua bado wanayo, na inawahukumu. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Hippo katika Algeria ya leo, alimwandikia Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, karibu mwaka 405 kwamba akikuta katika Maandiko jambo linaloonekana kupingana na kweli, husema ama nakala ina kosa, ama mfasiri hakuelewa, ama yeye mwenyewe hajaelewa. Mimi ninaipenda hiyo ya tatu. Viongozi wako wameiruka.

Lakini nisikudanganye kwamba hoja yao haina chembe ya kitu ndani yake. Katika sura hiyohiyo Paulo anatofautisha amri na ushauri. Mstari wa 25, habari za wanawali, anasema hana amri ya Bwana, lakini anatoa shauri lake kama mtu aliyejaliwa rehema kuwa mwaminifu. Mwishoni anasema mjane ana heri zaidi akikaa alivyo, “kwa shauri langu”, na anaongeza, “nami nadhani ya kuwa mimi nami nina Roho ya Mungu.” Hapo kweli ni shauri. Amwozaye binti yake afanya vema, asiyemwoza afanya vema zaidi, na hakuna aliyetenda dhambi. Uvuvio haugeuzi kila sentensi kuwa amri. Shauri lililovuviwa ni shauri ambalo Mungu ametupa, likiwa bado shauri, na swali likiwa swali, na kilio kikiwa kilio. Kinachotakiwa ni kutazama sentensi imekaaje. Ya kwako imekaa hivi: “Na mwanamke, ambaye ana mume asiyeamini, na mume huyo anakubali kukaa naye, asimwache mumewe.” Asimwache. Mtume haonyeshi njia mbili hapo.

Wakikujia na 2 Wakorintho 6:14, “Msifungiwe nira pamoja na wasioamini,” wakumbushe kwamba aliyeandika ni Paulo huyohuyo, kwa kanisa hilohilo. Hakusahau alichowaambia awali. Mstari huo unamzuia Mkristo asijiingize katika nira ya namna hiyo, na kwa mjane anayetaka kuolewa alikwisha kusema, “katika Bwana tu.” Wewe hukujiingiza. Neema ilikukuta umo. Wakileta Ezra sura ya 10, wale wanaume waliowaacha wake wa kigeni, hiyo ni hoja nzito zaidi, na pengine Wakorintho nao waliifikiria. Lakini mtume aliyesoma torati miguuni pa Gamalieli aliijua habari ya Ezra, na alipofika kwenye ndoa za kanisa hakuwaagiza waifuate. Alisema mume asiyeamini hutakaswa katika mkewe. Katika Kristo utakatifu ndio unaoambukiza.

Neno moja la tahadhari, kwa ajili yako na kwa wengine watakaosoma. Agizo la mtume lina sharti: mume “anakubali kukaa naye”. Wa kwako anakubali, kwa maelezo yako, tena kwa wema. Asitokee mtu akauchukua mstari huu kumfungia ndani mwanamke anayepigwa. Mume anayevunja mifupa ya mkewe hakubali kukaa naye, kwa maana yoyote ya maneno hayo, na sura hiyohiyo inasema Mungu ametuita katika amani. Mwanamke wa namna hiyo aende mahali salama, aende kwenye dawati la jinsia polisi, na mchungaji wake amsindikize.

Kuhusu viongozi wako, usiingie nao kwenye ubishi wa mstari kwa mstari. Waombe msome sura nzima ya 7 pamoja, kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha 14:37. Mchungaji wa kanisa lako awepo, maana kikundi cha maombi hakina mamlaka ya kuvunja ndoa ya mtu. Wakikataa hata kusoma, basi wewe una haki ya kutafuta watu wengine wa kuomba nao. Nyumbani usimgeuze mume wako kuwa mradi wa mahubiri. Paulo anauliza, “Wajuaje, wewe mwanamke, kama utamwokoa mumeo?” Ni swali lenye tumaini, na pia linakukumbusha kwamba wokovu wake haumo mikononi mwako.

Wanao sasa. Hilo la kuwaita si safi limeniuma kuliko yote uliyoandika, kwa sababu mtume alilijibu kwa maneno yayo hayo, katika mstari wa 14, akizungumza na wazazi wa ndoa kama yenu: “kama isingekuwa hivyo, watoto wenu wangekuwa si safi, bali sasa ni watakatifu.” Makanisa yanatofautiana juu ya maana kamili ya utakatifu huo. Wanaobatiza watoto wachanga huuona kama sababu mojawapo ya ubatizo, na wanaongoja mtoto akue aungame mwenyewe husema ni kutengwa kwa ajili ya Mungu ndani ya nyumba yenye muumini. Suala la ubatizo wao uliongee na mchungaji wako, na baba yao ashirikishwe kabla ya kupanga lolote. Ila kuwaita wachafu haruhusiwi mtu, na wakiitwa hivyo tena mbele yako, wasomee mstari huo hapohapo, wanao wakisikia.